Kebo ya Pili Iliyomfufua Marehemu

Kwenye majaribio ya feilova ya jengo moja la ofisi, ruta moja ikizimwa nyingine ishike kazi, kilichoharibu ni kebo ya pili kati ya swichi mbili. Haikupaswa kuchomekwa. Swichi bubu haijui kuchagua njia, na nimeshachoka kulirudia hilo kwenye safu hii.

Ruta zilikuwa mbili, A na B, zikishika getiwei moja kwa zamu kupitia VRRP, na usanidi wake haukuwa na kasoro: kipaumbele 150 kwa A na 100 kwa B, A ikijishusha laini yake ya nje ikikatika. Safi.

Kila ruta ilikuwa kwenye swichi yake, na swichi zimeunganishwa kwa waya mmoja. Fundi akauona huo mmoja ni udhaifu, akaongeza wa pili. Taa za poti zote zikaanza kumeta kwa pamoja, hata za kompyuta zisizo na kazi. Lupu hiyo. Fremu ya Ethernet haina TTL. Ombi moja la ARP likishaingia humo halina pa kufia.

Wengi waliishia kuona dhoruba hiyo ya fremu. Mimi kilichonikera ni pale A ilipozimwa. B ilitakiwa kushika usukani baada ya sekunde 3.6 za kimya, na kimya hakikuja. Matangazo ya VRRP huenda kwa 224.0.0.18, na swichi bubu humwaga multikasti kwenye kila poti, hivyo matangazo ya mwisho ya A yakabaki yanazunguka. Mpokeaji hukagua TTL ya IP kama ni 255, lakini swichi haiigusi kabisa, na tangazo lenyewe halina namba ya mfuatano. La zamani na jipya yanafanana. B ikaendelea kumsikia marehemu akihema, ikatulia kwenye ubakapu wake.

Na hofu ya fundi ilikuwa ya nini? Waya ule mmoja ukikatika, B inakuwa masta upande wake na A inabaki masta upande wake. Anwani ya getiwei ni ile ile, kila ruta ina laini yake na NAT yake. Watu wanaendelea kuingia intaneti. Wanachokosa ni printa ya upande wa pili.

Radia Perlman alilimaliza suala la lupu mwaka 1985 akiwa DEC, kwa STP. Mafundi wa enzi zile waliuliza kwanza kama swichi inaijua. Siku hizi swichi inanunuliwa kwa kuhesabu poti na kuangalia bei.

Kama fundi alitaka akiba ya kweli, seva ya pale ina kadi mbili za mtandao, na moja haijawahi kuchomekwa kitu. Bonding ya Linux, kadi moja kazini na nyingine akiba, kila moja kwenye swichi yake, haiidai swichi chochote. Kebo aliyoipoteza kati ya swichi ingetosha kabisa kufika hapo.