Namna Kiurdu Kilivyoligawa Neno "Permanent"

Kiingereza kina neno "permanent", nacho hulibebesha karibu kila kitu: anwani, ajira, kodi, ulemavu, ubalozi. Sisi tumefuata njia hiyohiyo. Kwetu vyote hivyo ni "vya kudumu". Watafsiri wa Kiurdu, tangu mahakama za kaskazini mwa India zilipoanza kuachana na Kiajemi baada ya sheria ya 1837, walishika njia nyingine. Waliuliza kwanza ni kitu gani kinachodumu, ndipo wakachagua neno. Mpangilio waliotuachia nauona bora kuliko wa Kiingereza chenyewe.

Tuanze na ajira. Mtumishi wa kudumu kwa Kiurdu ni "mustaqil mulazim", na fomu za Pakistan huuliza "mustaqil pata", yaani anwani ya nyumbani, kando ya anwani ya sasa. Neno limetoka katika Kiarabu, ambako "mustaqil" ni mwenye kujitegemea na "istiqlal" ni uhuru wa nchi. Kiurdu uhuru kiliupa neno la Kiajemi, "azadi", kikabaki na "istiqlal" kwa maana ya uthabiti wa mtu asiyeyumba. Kwa hiyo mfanyakazi aliye mustaqil hakuahidiwa kukaa kazini milele. Anachoambiwa ni kwamba cheo ni chake, hamshikii mtu nafasi. Hilo ndilo mwajiriwa yeyote hutaka kulijua.

Kwenye kodi walichagua tofauti kabisa. Mwaka 1793 Gavana Mkuu Cornwallis alitangaza Bengal utaratibu wa kodi ya ardhi ulioitwa Permanent Settlement. Kiasi alichodaiwa zamindar, yaani bwana shamba aliyekusanya kodi kwa wakulima, kiliwekwa kisibadilike tena. Kiurdu huuita "istimrari bandobast". "Bandobast" ni mpango uliokwisha kufungwa. "Istimrari" hutoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kupita, nayo maana yake ni kuendelea bila kukatika. Usahihi wake ni mkubwa. Zamindar mwenyewe hakuwa na uhakika wowote wa kudumu: asipofikisha fedha kabla ya jua kuchwa siku ya mwisho, ardhi yake ilipigwa mnada, akaingia mwingine. Watu walibadilika, malipo yakaendelea. Jina la Kiingereza lingeweza kumfanya mtu adhani kwamba waliohakikishiwa ni wenye ardhi. La Kiurdu lilielekeza kwenye mkondo wa fedha. Mkondo huo wenyewe ulikatwa kwa sheria, upande wa Bengal ya Mashariki mwaka 1950.

Mfano mzito zaidi uko kwenye Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, ambayo Nazir Ahmad, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa riwaya, alikuwa miongoni mwa walioitafsiri kwa jina la "Ta'zirat-e-Hind". Humo mlikuwa na adhabu ya "transportation for life". Kiurdu cha mahakama kiliiita "habs-e-dawam ba-ubur-e-darya-e-shor". Tulichambue kipande kwa kipande. "Habs" ni kufungwa, mzizi uleule wa mahabusu wetu. "Dawam" ni ndugu wa daima na dumu. "Ubur" ni kuvuka, na "darya-e-shor" ni bahari ya chumvi. Kifungo cha daima kwa kuvuka bahari ya chumvi. Kiingereza kinataja safari na muda, kinanyamaza juu ya kufungwa na juu ya bahari. Kiurdu kinamwambia mshtakiwa yote yatakayomkuta, na aliyeisikia hukumu hiyo alijua kwamba anapelekwa visiwa vya Andaman, ambavyo watu waliviita Kala Pani, maji meusi.

Hata hivyo, papo hapo tafsiri ilizidisha. Kiingereza kilisema maisha, Kiurdu kikasema daima, na hayo ni mambo mawili. Kifungu cha 57 cha kanuni hiyohiyo kiliihesabu adhabu hii kuwa sawa na miaka 20 pale ilipohitajika kukokotoa sehemu yake. Mwanachuoni Fazl-e-Haq Khairabadi alifia Andaman mwaka 1861. Jafar Thanesari, aliyehukumiwa katika kesi ya Ambala ya 1864, alirudi kwao mwaka 1883 na kuandika kumbukumbu zake. Kwa wote wawili "dawam" ilikuwa na mwisho. Lugha ya watu imelirekebisha jambo hili: magazeti ya leo huandika "umar qaid", kifungo cha umri. Ni maneno mafupi, yasiyo na fahari ya mahakama, na ni sahihi zaidi.

Kwenye dini hapakuwa na tabu, maana wanatheolojia walikwisha kuifanya kazi zamani. Pale Kiingereza kinaposema "eternal", Kiurdu kina "azali" kwa kisicho na mwanzo na "abadi" kwa kisicho na mwisho. Mungu ni vyote viwili. Pepo, iliyoumbwa, ni abadi tu. Viatu imara navyo ni "paedar", neno la Kiajemi lililojengwa juu ya "pa", mguu.

Haya yanatuhusu. Kanuni hiyo ya 1860 ilitumika Kenya hadi 1930, na tangu 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo maelfu ya kurasa zinapita mikononi mwa watafsiri. Malighafi tunayo: daima, abadi, azali, thabiti, maisha, mfululizo. Ndugu mtafsiri, kabla hujaandika "ya kudumu", tazama kwanza kama kinachodumu ni cheo, deni, jeraha au kifungo, kisha mpe msomaji neno linalomwambia hilo.