Hawakuwa na Njaa

Nyinyi mlioitazama kanda ya asubuhi ile, ambayo imepita kutoka simu hata simu miongoni mwa wafugaji wa samaki wa mwambao na wa bara, hamna haja ya kusimuliwa bwawa lilivyokuwa: maji yamekolea ukijani, upepo umelala, jua halijachomoza, na perege wamejaa juu ya maji, ubavu kwa ubavu, midomo wazi, tangu tuta hili hata tuta la pili. Mlimwona msimamizi akiwasili, akasimama muda usiotimia dakika moja, kisha akasema, "Wana njaa hawa, leteni chakula." Kwa amri ile, ambayo nimeirudia kuitazama mara nyingi nisije nikamdhulumu mtu, bwawa lilipotea, nami nasema tangu hapa mwanzo kwamba halikupotea kwa kudra isiyozuilika, bali kwa taksiri ya mtu aliyekuwa na macho, na wasaa, na maji mazuri ndani ya mfereji hatua chache kutoka pale aliposimama.

Vifaranga wa rika moja, matuta imara, daftari la sampuli lisilo na pengo: kazi ya miezi iliyotangulia katika shamba lile haina dosari.

Turudi kwenye dakika ile. Samaki mwenye njaa haji juu akatulia. Huvisikia vishindo vya miguu ya mlishaji, akakimbilia upande aliozoea kulishiwa, akapasua maji, akazama, akazuka tena, na ukipitisha mkono juu yake kwa ghafula hutoweka kwa kishindo. Wale wa kwenye kanda hawakufanya hata moja katika hayo. Walikuwa wamelala kwa kuinamia mkia, midomo yao ikilamba utando ule mwembamba wa juu, ambao peke yake hugusana na hewa na kupata oksijeni zaidi kidogo kuliko maji ya chini. Msimamizi aliwasogelea na hawakushtuka. Tena tazameni ni wakubwa wepi waliokuwa mbele: ni wale wazazi wenye uzito, kwa kuwa maji yanapopungukiwa hewa, mwenye kiwiliwili kikubwa ndiye aghalabu hudhikika mwanzo, na wadogo hufuata nyuma. Dalili hii ni kama hirizi kwa mwenye kazi yetu, maana sumu ikiingia bwawani haichagui wakubwa namna hiyo.

Kuna jambo la pili katika kanda ambalo wengi hawakulitia maanani. Kambare mmoja alizuka, akagugumia hewa, akazama tena kwa nguvu, na msimamizi akamwonyesha kwa kidole kana kwamba ni ithibati ya afya ya bwawa zima. Lakini kambare si shahidi katika kesi ya hewa, kwani ameumbwa na kiungo cha ziada juu ya mashavu yake, kinachomwezesha kuvuta hewa tupu hata ndani ya tope, na ataendelea kuishi katika maji ambamo perege amekwisha kufa. Kumfuga pamoja na perege ni jambo jema, lakini kumfanya kipimo cha perege ni kosa nililokwisha kulipigia kelele katika safu hii, na nitalipigia tena.

La kusikitisha zaidi ni kwamba neno la haki lilisemwa. Kijana mlishaji, aliyeshika ndoo, alisema kwa sauti inayosikika wazi, "Mzee, hawa hawaruki, wanahema." Akajibiwa, "Mwaga chakula, mwanangu, tunachelewa." Naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, akamwaga ndoo ya kwanza, kisha ya pili. Chakula cha kuelea kikatapakaa juu ya maji, na karibu hakuna mdomo uliofungwa juu yake. Hapo palikuwa na fursa ya mwisho, kwa kuwa hata aliyekosea kusoma dalili zote za kwanza, anapoona chakula hakiliwi hana budi kusimama na kuuliza. Lakini msimamizi aligeuka kwenda kwenye bwawa jingine.

Sababu ya hewa kukosekana alfajiri haina siri. Maji matamu ya nyuzi 28, katika usawa wa bahari, yanapolingana na hewa iliyo juu yake hayabebi hata miligramu 8 za oksijeni katika lita moja, ilhali lita moja ya hewa tuivutayo ina zaidi ya miligramu 250. Basi samaki ni kiumbe anayeishi siku zote na akiba ndogo. Mchana mwani wa kijani huongeza akiba hiyo kwa nuru ya jua, na usiku mwani ule ule, pamoja na samaki, wadudu na tope la chini, hugeuka walaji, hata akiba ikafika kiwango chake cha chini kabisa karibu na macheo. Siku ikitangulia kuwa ya mawingu na upepo ukakosekana, bwawa huingia usiku likiwa na deni. Na samaki aliyeshiba hutumia oksijeni nyingi kuliko aliye mtupu, kwa saa kadhaa, kwa ajili ya kumeng'enya; hivyo wale wachache waliojikaza wakameza chakula kile waliongezewa mzigo katika saa ambayo hawakuweza kuubeba, na kile kilichobaki kikaenda kuoza na kuila hewa iliyosalia.

Najua utetezi utakaoletwa, kwa sababu nimeusikia miaka mingi: ratiba ya shamba inasema chakula cha kwanza ni saa kumi na mbili asubuhi. Ratiba hiyo iliandikwa na nani, nami sijui bwawa la kijani linalolishwa kabla ya jua kuchomoza likapata faida? Mlo wa kwanza ni wa saa tatu au saa nne, jua likisha kufanya kazi yake. Fauka ya hayo, shamba lile lina kipimo cha oksijeni, na kanda yenyewe inakionyesha katika kabati la kioo ofisini, kimefungiwa kufuli. Nimekwisha kuandika, na sitachoka kuandika, kwamba chombo kinachofungiwa kwa kuwa ni ghali huligharimu shamba zaidi ya bei yake. Tangu 1888, Lajos Winkler alipotoa njia ya kuipima oksijeni iliyoyeyuka kwa dawa na chupa tu, hakuna udhuru wa kuikisia.

Na waliotutangulia, ambao hawakuwa na kipimo cha umeme, hawakuikisia. Majaribio ya kufuga perege yalianza Korogwe mwaka 1949, na yakafanywa Malya vilevile. Sagana, huko Kenya, kituo kilikwisha kuanzishwa mwaka 1948. Kule Bamburi, René Haller alishika machimbo makavu ya matumbawe mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuyafanya msitu wa mivinje na mashamba ya perege, kwa kutazama kila kiumbe kinakula nini na kinavuta nini kabla ya kukiongeza kingine. Mzee aliyenifundisha mimi kazi alikuwa akitoka msikitini alfajiri, akavua viatu vyake mbali na tuta ili samaki wasisikie vishindo, akachuchumaa kimya, na kutazama kwanza. Kisha akauzamisha mkono wake wima, na kiganja kikitoweka machoni kabla maji hayajafika kiwiko, siku hiyo hakuna mbolea wala chakula mpaka maji yabadilishwe. Mkono mtupu, na katika miaka niliyokuwa chini yake hatukupoteza bwawa kwa kukosa hewa.

Lililopasa kufanywa asubuhi ile lilikuwa jepesi kuliko lililofanywa. Chakula kibaki katika ndoo. Mlango wa mfereji ufunguliwe, maji mapya yaangukie juu ya ubao au mawe ili yachanganyike na hewa. Maji mabovu yatolewe kwa chini. Pampu, ikiwapo, irushe maji ya bwawa juu kama mvua. Na mtu yeyote asithubutu kutia juya wala kuwashika samaki waliokwisha kuchoka. Jua lingefanya yaliyobaki.

Wasimamizi wenzangu, nawaombeni mmoja wenu akionana na kijana yule wa ndoo ampe kazi, kwa kuwa macho yake yalisoma sawasawa. Mlango wa mfereji, kwa saa inayoonekana katika kanda, ulifunguliwa saa tatu na robo, na wakati huo wazazi wote wakubwa walikuwa wamekwisha kugeuka matumbo juu.