Simfonia mbili za Svendsen, chema kisichojiuza

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii huenda ikafaa sokoni, lakini kwenye muziki wa okestra haisimami. Simfonia haiwezi kujiuza. Inahitaji wapigaji kadhaa wenye ala zao, kiongozi anayeiamini na ukumbi wa kuichezea. Ikivikosa hivyo inabaki makaratasi kabatini. Simfonia mbili za Johan Svendsen, mtunzi wa Norwei aliyezaliwa 1840, ni nadra kuchezwa nje ya nchi za kaskazini mwa Ulaya. Wengi wetu tutakutana nazo kwenye rekodi tu, na kwa hiyo rekodi mbaya huweza kuzizika.

Mwanzo wake haukuwa wa kuzikwa. Oktoba 1867, mjini Christiania, jiji tunaloliita Oslo leo, Svendsen mwenye umri wa miaka 27 alisikizisha simfonia yake ya kwanza, aliyoitunga akiwa mwanafunzi Leipzig. Edvard Grieg alikuwepo. Naye alikuwa ametunga simfonia yake miaka mitatu kabla. Aliandika gazetini kuisifu kazi ya mwenzake, kisha akaipiga marufuku ya kwake isichezwe kamwe.

Kisa hicho husimuliwa sana, na kimemdhulumu Svendsen. Kimemgeuza kuwa shahidi katika maisha ya mtu mwingine. Tena, mwaka 1981 simfonia ya Grieg ilitolewa kifungoni ikachezwa Bergen, ikarekodiwa, na marufuku yake ikawa ndiyo tangazo lake. Ile iliyoshinda siku ile ya 1867 haina kisa cha kuitangaza. Ina muziki wake tu.

Na muziki huo unatosha. Svendsen alikuwa mtoto wa mwanamuziki wa jeshi, na yeye mwenyewe akaingia bendi ya jeshi akiwa kijana mdogo. Alijua klarineti na filimbi kwa vidole vyake kabla ya kuzijua kwa kalamu. Ndiyo maana simfonia ya kwanza haina woga wa mwanafunzi. Inaanza kwa kuruka, ala za upepo zinapewa maneno ya kusema badala ya kujaza nafasi nyuma ya fidla, na sehemu ya tatu inacheza kwa wepesi wa mtu anayejua askari wanavyopumzika. Simfonia ya pili, ya 1876, ni ya mtu mzima zaidi. Sehemu yake ya tatu ina harufu ya ngoma za vijijini, lakini haivai vazi la kienyeji ili wageni wapige picha.

Mariss Jansons, aliyeiongoza Oslo Philharmonic kuanzia 1979, alizirekodi zote mbili na okestra hiyo. Sifa ya rekodi yake ni mdundo. Kila sauti inaanza na kukoma mahali pake, na ile damu ya bendi ya jeshi inasikika bila kupigiwa kelele. Neeme Järvi alizirekodi Gothenburg, Uswidi, na miaka mingi baadaye akazirudia na Bergen Philharmonic. Yeye hapendi kukaa mahali. Mwendo wake unasisimua katika sehemu za kwanza na za mwisho, ila katika zile za polepole natamani angengoja kidogo, maana hapo ndipo Svendsen anapoacha kushangiliwa na kuanza kusema. Bjarte Engeset, Mnorwei aliyeirekodi na okestra ya Bournemouth ya Uingereza, hana moto huo, lakini anasoma kwa uwazi. Anayetaka kufuata jinsi sauti zinavyosukwa na aanze kwake.

Jansons alizaliwa Riga, Järvi alizaliwa Tallinn. Sidhani ni ajabu kwamba watu wa mataifa madogo yaliyoishi chini ya kivuli cha dola kubwa ndio walioshika kazi hizi bila kuziomba radhi. Hawachezi kana kwamba wanaonyesha kitu cha makumbusho. Wanacheza kana kwamba bado kuna la kuamuliwa.

Husimuliwa pia kwamba kulikuwa na simfonia ya tatu, na kwamba mke wa Svendsen aliitupa motoni kwa wivu. Wapo wanaosema Ibsen alichukua hapo tukio la Hedda Gabler. Ni hadithi tamu, lakini inaficha jambo la kawaida zaidi. Mwaka 1883 Svendsen alihamia Copenhagen kuongoza okestra ya Ukumbi wa Kifalme, akabaki kazini hadi 1908. Kwa miaka 25 alizipa uhai kazi za wengine, na kalamu yake ikakauka. Moto unaweza kula kitabu kimoja. Ratiba ya kazi inakula vyote ambavyo havijaandikwa.

Kwa hiyo tunazo mbili. Chukua ya Jansons kwanza, uanze na simfonia ya pili, uisikilize bila kumkumbuka Grieg. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kuwapigia debe watunzi wengine anastahili nusu saa ambayo jina la mwingine halitajwi.