Mtego wa Fuko na Mkebe wa Kimbo

Fuko havumilii upepo njiani mwake. Ukiitoboa njia anayopita chini ya ardhi, atarudi kuiziba, na mkulima wa Kanyakine humvizia kwa tabia hiyo hiyo. Huchomeka ufito mbichi kando ya tundu, huupinda mpaka ncha iinamie udongo, kisha huuzuia kwa uzi wa mgomba uliokatiza njia ya mnyama. Kitanzi cha waya kimefungwa kwenye ncha ile ile. Fuko anakuja akisukuma udongo, anaukuta uzi umemkinga, anaukata kwa meno. Ufito unafyatuka, kitanzi kinakaza.

Nguvu iliyomnasa si yake. Meno yamekata uzi tu. Nguvu ilikuwa imelala kwenye ufito tangu ulipopindwa na mtegaji.

Mtoto aliyekua akitazama mitego hii, huku kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, tayari ana nusu ya ufundi wa mashine za kusukumizana: gololi inaangusha kisanduku, kisanduku kinavuta kamba, kamba inamwaga kikombe. Mmarekani Rube Goldberg alizipa umaarufu kwa katuni zake. Mwaka 1931 alimchora profesa anayefutwa mdomo na kitambaa kwa msaada wa kasuku, fataki na mundu. Yeye alikuwa na raha yake, maana kasuku wa karatasini hutii kila siku. Watoto wana kuku halisi, nao hukatiza uwanja bila hodi.

Vifaa havikosekani. Tangu mtaala wa umilisi uingie shuleni mwaka 2019, wazazi wamezoea kuombwa katoni, mikebe na vizibo, pamoja na kunung'unika kidogo. Shamba nalo lina yake. Gamba la mgomba lililobanduliwa asubuhi ni mfereji uliokwisha kuchongwa, laini na wenye kingo pande mbili. Ndani yake hubingirishwa makadamia ambayo haijapasuliwa. Mtazame mtoto akiichagua: anaizungusha kiganjani, anaitupa ile yenye kichonge kirefu kwa sababu itayumba, anaitwaa iliyo duara zaidi. Ikifika saa nane jua limelikunja gamba, na njia iliyokuwa ikikubali inaanza kuikabili makadamia kwa ubavu. Hapo hakuna wa kulaumiwa, gamba linabadilishwa.

Makadamia huangukia mkebe wa mafuta ya Kimbo ulioning'inizwa kwa kamba iliyopitishwa juu ya egemeo la kiti. Mkebe ukishuka, upande wa pili wa kamba unachomoa kibanio cha nguo kilichozuia ufito uliopindwa. Ni mtego wa fuko ule ule, ila hapa ufito unapiga safu ya visanduku vya kiberiti. Cha mwisho kinaangukia pakiti ya majani chai, pakiti inaangukia kitabu cha nyimbo, kitabu kinaangukia kamusi, kamusi inagonga sufuria. Mwaka 1983 mwanafizikia wa Kanada, Lorne Whitehead, alieleza safu ya domino 13, kila moja kubwa mara moja na nusu kuliko iliyoitangulia, na ndogo kabisa ikaiangusha kubwa kabisa. Anayesimamisha kamusi wima ameiwekea nguvu ya kuanguka. Kilicho mbele yake kinaigusa tu.

Kwa hiyo ustadi wote uko kwenye maungio. Vyombo vyenyewe ni rahisi. Kazi ni pale kimoja kinapokabidhi kingine: kibanio kibane vya kutosha kisichomoke kwa upepo, lakini kisiushinde mkebe. Mikono ya mtu mzima ina papara mahali hapa, na mtoto wa miaka tisa hasiti kusema, "Bado, babu, usiguse!"

Wazoefu huanza mwishoni. Hutengeneza kwanza kamusi inayogonga sufuria, wakaijaribu peke yake mpaka isikose, ndipo wanarudi nyuma hatua moja. Safu ya visanduku huachwa na pengo, kimoja kikiondolewa makusudi, ili kiwiko kikikosea vianguke vitatu badala ya thelathini. Pengo hujazwa dakika ya mwisho. Visanduku vitupu navyo hutiwa punje chache za mahindi ili visimame imara, na mwenye jiko hubaki akijiuliza kwa nini kiberiti chake kinanguruma.