Bibi wa Simbi Hajaketi

Kazi yake huanza na mikono. Ni ajuza wa kijiji cha Raila, Kibera, ambaye watoto wa ploti nzima humwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Jioni huketi mlangoni juu ya kigoda, uteo wa maharagwe mapajani, akaanza kuchambua. Hamwambii mtoto yeyote anyamaze. Anatoa kijiwe, anatoa punje iliyotobolewa na fukusi, anapepeta kidogo. Redio ya jirani inapenya mabati na kujaa chumba. Msimulizi mwingine angepaza sauti ashindane nayo. Yeye hushusha yake, mpaka watoto walio nyuma wasogee wenyewe. Wakishabanana goti kwa goti, ndipo anapoitaja Simbi.

Simbi Nyaima ni ziwa dogo la kreta karibu na Kendu Bay, maji yake ya magadi. Kisa chake kinajulikana kote Uluoni: palikuwa na kijiji, wenyeji wakamfukuza kikongwe aliyekuja kuomba hifadhi usiku wa sherehe, maji yakakimeza kijiji. Mimi nimekimaliza kwa sentensi moja. Dani huweza kukaa nacho mpaka maharagwe yaishe uteoni, na humo ndimo ulimo ufundi wake.

Kwanza anajenga sherehe. Anaweka chungu cha pombe katikati ya nyumba, kisha anawaketisha wazee mmoja mmoja kukizunguka, kila mtu na oseke yake, ule mrija mrefu wa kunywea. Anaeleza nani ameketi karibu na nani, na nani anakunywa kwa pupa kwa sababu mkwewe hajafika bado. Watoto wanacheka. Anawaacha wacheke hadi mwisho, bila kuwakatiza, kwa maana waliocheka na wazee wale wameshaingia nyumbani mwao, na kutoka sasa ni vigumu.

Kisha bibi anafika. Hana meno ya kutisha wala macho mekundu. Anasimama mlangoni, anaomba chakula na mahali pa kulala. Hapo mikono ya Dani inatulia juu ya uteo, na ndiyo ishara pekee anayoitoa. H. P. Lovecraft, yule Mmarekani aliyeandikia jarida la Weird Tales lililoanzishwa Chicago mwaka 1923, alipenda kurundika vivumishi kila jinamizi lake lilipokaribia. Nampenda Lovecraft, lakini mbele ya mlango huu angefukuzwa pamoja na bibi. Dani hana kivumishi hata kimoja. Ana vitenzi tu: alisimama, aliomba, alisukumwa.

Sehemu anayoikawilia kuliko zote ni ile ambayo wengi huiruka. Mwanamke mmoja pembeni mwa kijiji anamkaribisha bibi. Dani anawasha kuni, anabandika maji, anangoja yapate moto. Anaelezea namna uji unavyokorogwa usifanye madonge. Bibi anaoshwa miguu, kidole baada ya kidole, huku ngoma za wanywaji zikisikika kwa mbali. Hakuna linalotendeka, na watoto hawapumui. Wengi wao wanajua kijiji kitazama. Kila kijiko cha uji kinawapunguzia wale wazee muda, na wazee hawajui.

Grace Ogot, mwandishi wa Kenya, aliufahamu ufundi huu akauhamishia kwenye karatasi. Alizaliwa mwaka 1930, akasikia hadithi kwa nyanyake, akasomea uuguzi Uganda na Uingereza, na mwaka 1968 mkusanyo wake wa Land Without Thunder ukatolewa Nairobi. Humo mna hadithi ya Tekayo, ambayo naiweka juu ya hadithi nyingi za kutisha za Ulaya. Mzee mchungaji anapata kipande cha ini kutoka kwa tai. Anakichoma, anakila, na utamu ule unakataa kumtoka mdomoni. Anaanza kuwinda, mnyama baada ya mnyama, akionja maini yao bila kuupata utamu ule, kwa subira ya mtu mwenye akili timamu. Ogot anamfuata hatua kwa hatua kama muuguzi anayejaza chati, bila kumlaani. Siku mkono wa mzee unapomfikia mjukuu wake, msomaji hana pa kusema kwamba hapa ndipo mambo yalipoharibika. Mwaka 1842 Edgar Allan Poe aliandika kwamba hadithi fupi isomwe kwa mkao mmoja na kila neno lake litumikie athari moja. Nyanya wa Asembo, kwao Ogot, na wa Kendu Bay hawakumngoja awaambie.

Mvua ikinyesha juu ya mabati, Dani hunyamaza. Mjanja wa jukwaani angeitumia, maana kisa ni cha maji. Yeye huona kwamba neno lisilosikika limepotea, basi anachambua maharagwe mpaka inyamae. Halafu analeta mafuriko yake, na hayapimi kwa ukubwa. Maji yanafika kwenye miguu ya kigoda. Yanainua oseke. Yanaingia ndani ya ngoma, na mpigaji anapiga asisikie kitu. Anasema “Thu tinda”, kisa kimekwisha, anakung’uta uteo. Mwenye kuuliza mume wa yule mwanamke mkarimu alikuwa wapi hupewa bakuli akaoshe.

Siku hizi kuna mvulana wa gredi ya nane anayejaribu kukisimulia kisa hiki mwenyewe, Dani akiwa msikilizaji. Ana sauti nzuri, na ngoma anaigiza kwa kupiga ndoo. Lakini anayapenda mno mafuriko. Bibi hajamaliza kuomba, maji yameshafika kiunoni. Dani humwacha aende hadi watoto wadogo waanze kupiga mayowe ya furaha, kisha anainua kidole.

“Nyakwara, mjukuu wangu, rudi mlangoni. Huyo mgeni hajaketi, na maji ya kumwosha miguu bado hujayabandika.”

Mvulana anakuna kichwa, anakiweka chungu cha pombe upya, anaanza kuwaketisha wazee.