Istilahi za Safari za Ndege Mbuai: Je, Singida Kuna Majira ya Baridi?

Kanuni za mwaka 2005 kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira zinadai kwamba taarifa ya tathmini iambatane na muhtasari usio wa kitaalamu, ulioandikwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Sharti hilo limewatwika wafasiri mzigo ambao hapo zamani ulikuwa wa wataalamu wa viumbe peke yao. Mkoa wa Singida, kwa sababu ya upepo wake, umetajwa kwa miaka mingi kuwa mahali panapofaa kujengwa mitambo ya umeme wa upepo; na mahali popote inapopangwa mitambo ya namna hiyo, swali la ndege wakubwa warukao juu halikosi kuulizwa. Mwanakijiji anayetakiwa kutoa maoni yake hana njia ya kuyatoa ila kwa kupitia maneno aliyoandikiwa. Maneno hayo yakiwa mabovu, maoni yake nayo yatakuwa juu ya jambo jingine kabisa.

Kwa ajili ya uhakiki huu tumeunda sentensi moja kutokana na maneno ambayo msomaji hukutana nayo mara kwa mara katika tafsiri za namna hii. Inasema: "Ndege wa nyama huhama kutoka mazalia yao na kuja kupitisha majira ya baridi Singida, ambako safari za ndege hufuatiliwa kwa setilaiti." Sarufi yake haina kasoro, na mwalimu anayesahihisha insha angeipa alama nzuri. Lakini takriban kila istilahi iliyomo inampotosha msomaji, na iliyo mbaya kuliko zote ni "majira ya baridi". Tuanze na hiyo.

Tumchukue kozi wa Amur, ambaye kwa Kilatini huitwa Falco amurensis. Ni ndege mdogo, uzito wake kiasi cha gramu 150, na viota vyake viko kusini-mashariki mwa Siberia, Mongolia ya mashariki, kaskazini-mashariki mwa China na Korea ya Kaskazini. Mwezi wa Oktoba na wa Novemba hukusanyika kwa makundi makubwa mno katika jimbo la Nagaland, kaskazini-mashariki mwa India. Kutoka huko huvuka Bara Hindi, kisha huvuka bahari takriban kilomita 3,000 bila kutua, na kuingia Afrika upande wa Somalia. Hushuka kupitia Kenya na Tanzania hadi nchi za kusini mwa Afrika, na mwezi wa Aprili na wa Mei huwa njiani akirejea. Ukiitazama kalenda ya Singida utaona kwamba miezi anayokuwa upande wetu ndiyo miezi ya mvua na joto: mtama umesimama shambani, na baada ya mvua kumbikumbi hutoka ardhini, chakula ambacho kozi huyu hukipenda sana. Baridi ya Singida ni ya Juni hadi Agosti, na wakati huo yeye yuko Amur akilea makinda. Basi mfasiri anayeandika kwamba ndege huyu "hupitisha majira ya baridi" Singida anamwambia mkulima wa Iramba amtafute angani mwezi wa Julai. Mkulima atatazama, hatamwona, na atakuwa na haki ya kusema kwamba ripoti ile ni ya uongo.

Kosa hili lina asili yake. Istilahi ya lugha za Ulaya ilizaliwa na watu waliokuwa wamesimama upande mmoja wa njia. Wao walimwona ndege akitoweka baridi inapoanza, na kwa karne nyingi hawakujua alikokwenda. Wengine waliamini kwamba mbayuwayu hujificha katika tope chini ya maji. Mwaka 1822, karibu na Klütz huko Ujerumani, aliuawa korongo aliyekuwa amechomwa shingoni na mshale wa Kiafrika na akarudi nao hadi huko. Mshale ule ulitoa ushahidi ambao vitabu havikuwa nao. Walioamka na kukuta theluji nje waliupa muda wa kutokuwapo kwa ndege jina la baridi yao wenyewe, na kwao ni sawa. Sisi tuko upande wa pili wa njia ileile. Hata wataalamu wa ndege siku hizi wengi wameiacha istilahi hiyo na kusema tu "eneo lisilo la uzazi", kwa kuwa wametambua kwamba neno baridi halielezi chochote kuhusu mahali ndege alipo.

"Eneo lisilo la uzazi" ni sahihi, ila kwa Kiswahili ni maneno ya kukanusha tu, yasiyosema kuna nini hapo. Wako wanaopendekeza "ugenini". Neno ni zuri, lakini tunalitilia shaka, kwani kozi wa Amur hukaa nje ya eneo la viota vyake miezi mingi kuliko anayokaa humo, na ni vigumu kumwita mgeni mtu atumiaye sehemu kubwa ya mwaka kwako na njiani kwako. "Makao ya masika" yangefaa kwa Singida, ambako mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Yangeharibika pwani, ambako masika ni ya Machi hadi Mei.

Sisi twapendekeza "makao ya msimu", na sababu yetu si ufupi wake tu. Msimu, au musimu kama wazee wa pwani walivyolitamka, ni neno lililotokana na Kiarabu, na asili yake inahusu majira ya pepo za bahari: kaskazi inayoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi inayoyarudisha. Kozi wa Amur huja nyakati za kaskazi na kurudi kusi inapoanza kuvuma, na pepo hizo humsaidia baharini kama zilivyowasaidia manahodha. Kwa hiyo lugha yetu ilikwisha kuwa na neno linalobeba kuja na kurudi kwa pamoja, kwa wakati unaojulikana, kabla mtu yeyote hajamfunga ndege kifaa. Ni jambo la kushangaza kwamba wafasiri wamelipita na kwenda kuazima baridi ya Berlin. Twakubali kwamba si ndege wote wanaovuka bahari. Tai mdogo wa madoa, Clanga pomarina, wa Ulaya ya kati na ya mashariki, huelea kwa hewa ya joto ipandayo juu ya nchi kavu, na juu ya bahari hewa hiyo ni haba. Ndiyo maana huizunguka bahari kwa kupitia Bosporus na Suez, kisha hushuka ndani ya Afrika hadi kusini. Yeye hategemei kaskazi kama kozi. Hata hivyo huja na kurudi kwa msimu, na istilahi inamtosha.

"Mazalia" inahitaji maneno machache tu. Kwa msomaji wa kawaida wa Tanzania, neno hili limefungamana na mbu: kila tangazo la afya linamtaka ayateketeze mazalia ya mbu. Kulitumia kwa ndege tunaotaka aheshimiwe ni kuomba balaa. "Maeneo ya viota" yanaeleweka na kila mtu, na kiota hakina jina baya.

Kitenzi "kuhama" kina upungufu wa namna nyingine. Anayehama hufunga mizigo yake na kuondoka. Akirudi, twasema amerudi, na hilo ni tendo jingine. Mkataba wa Bonn wa mwaka 1979 kuhusu viumbe wa aina hii, ambao Tanzania ni mwanachama wake, hauwatambui kwa kuondoka tu, bali kwa kuvuka mipaka ya nchi kwa mzunguko na kwa namna inayoweza kutabirika. Kiini chake ni mzunguko. "Kuhamahama" hakutufai pia, maana huko ni kutangatanga kwa kufuata malisho. Hatudhani kwamba "ndege wahamao" inaweza kung'olewa sasa. Imekwisha kuzoeleka shuleni na katika vyombo vya habari. Lakini mwalimu anayeifundisha aongeze palepale kwamba wanarudi, na mfasiri wa hati ya sheria aandike "ndege wa msimu wanaovuka mipaka".

Tumefika kwenye "safari za ndege", na hapa lugha yenyewe imemtegea mfasiri. Ndege ni kiumbe na ndege ni chombo. "Safari za ndege hufuatiliwa kwa setilaiti" ni sentensi ambayo mtumishi yeyote wa serikali ataisoma akifikiria uwanja wa ndege. Dawa ya ugonjwa huu imo katika upatanisho wa kisarufi: chombo ni ndege hii, kiumbe ni ndege huyu. Sentensi ya kitaalamu isiache ndege bila kivumishi au kionyeshi kinachoonyesha ngeli, hasa katika vichwa vya habari na katika jedwali. Singida jambo hili si mzaha. Kwelea kwelea wakivamia mtama na uwele, serikali hutumia ndege kunyunyiza sumu juu ya ndege, na tangazo linaloandikwa kwa haraka huweza kuwachanganya wote wawili.

Tangazo hilohilo lina kosa lililo kubwa zaidi, ingawa si la ndege hasa. Hunena kwamba itanyunyizwa "dawa". Kinachonyunyizwa kwa kawaida ni fenthioni, na fenthioni ni sumu. Dawa huponya, hata dawa ya panya tumeizoea kwa kuwa jina la panya limo ndani yake na kutuonya. Wako watu wanaokusanya kwelea kwa chakula, na wako tai, pamoja na yule mdogo wa madoa na yule atokaye nyanda za Asia, wanaovutiwa na makundi ya kwelea na kula makinda yao. Kwelea aliyenyunyizwa akianguka, mtoto anamwokota na tai anamdaka. Neno "sumu" halimwokoi tai, lakini lingeweza kumwokoa mtoto, na mtu akijua kwamba ni sumu ataelewa pia kwa nini tai wamekufa kando ya bwawa.

Huyo tai wa Asia naye ameponzwa na jina. Wafasiri humwita "tai wa nyika". Nyika kwetu ni pori kavu la vichaka, kama lile linaloonekana upande wa Manyoni. Msomaji atadhani ni tai wa hapahapa, aliyezaliwa hapa. Kumbe viota vyake viko katika nyanda za majani za Urusi, Kazakhstan, Mongolia na China, na tangu mwaka 2015 amewekwa katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Tungependelea "tai wa nyanda za Asia". Ni refu, lakini halidanganyi.

Kuhusu "ndege wa nyama", yatosha kukumbusha kwamba kuku wa nyama ni wa kuliwa. "Ndege wawindaji" inamtenga tumbusi, ambaye hawindi. "Ndege mbuai" ina ukali kidogo, na hatuipendi sana, ila haina mshindani. Kosa baya zaidi ni kuwaita wote "mwewe" kwa kudhani kwamba ndivyo wanakijiji wasemavyo. Mwewe ndiye mnyakuzi wa vifaranga, na hakuna mama mfugaji atakayeguswa na ombi la kumhifadhi. Kozi wa Amur hula wadudu. Kumpa jina la mwewe ni kumhukumu kwa kosa la mwingine.

"Kufuatilia" tunaikubali, kwa sharti moja. Ofisini tunafuatilia barua, malipo na mafaili. Neno lina sura ya mtu mwenye kudai. Zipo tafsiri zinazokwepa hilo kwa kusema "kupeleleza safari za ndege". Hizo zikataliwe kabisa. Mwaka 2013, huko Qena, Misri, korongo aliyebeba kifaa alikamatwa na kuwekwa kizuizini kwa kushukiwa kuwa ni jasusi. Miaka miwili kabla yake, tumbusi aliyekuwa na pete na kifaa kutoka Israeli alishikwa Saudi Arabia kwa shuka hiyohiyo. Kifaa cha namna hii hakipelelezi kitu. Kinatoa ishara inayosema ndege yuko wapi, basi. Kozi watatu waliofungwa vifaa Nagaland mwaka 2013, mwaka mmoja baada ya maelfu kwa maelfu ya wenzao kunaswa kwa nyavu na kuuzwa, walibeba vya gramu 5 vinavyotumia nguvu ya jua. Hapana budi mwanakijiji wa Singida atakayemwokota ndege mwenye kitu mgongoni asome neno lisilomtia hofu. "Kifaa cha kutoa ishara" kinatosha kwa sasa. "Pete", iliyotumika tangu Mortensen wa Denmark alipowafunga kwezi mwaka 1899, haina tatizo lolote na isiguswe.

Limebaki jambo ambalo wahariri wa istilahi hawawezi kulimaliza wakiwa Dar es Salaam. Kozi, kipanga na mwewe hawajagawanywa vizuri katika kamusi zetu. Aghalabu kila mmoja huelezwa kwa ufupi, kwa kufananishwa na mwenzake. Wanyaturu na Wanyiramba wamewatazama ndege hawa kutoka kwenye mawe na mabonde yao, na kandokando ya maziwa ya Singida, Kindai na Kitangiri, miaka mingi kabla ya setilaiti. Walimu walioko Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni waombwe wayakusanye majina wanayoyasikia, wakionyesha kwa kila jina mwezi ndege anapoonekana, rangi ya miguu na ya tumbo, na anachokula, kisha wayapeleke kwa wahariri pamoja na matamshi yake.