Mkono wa Mkunga Kwenye Dopla

Mkunga hodari haanzi kwa kuwasha dopla, kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito wa Masuguru akishalala kitandani, iwe zahanati ya kijijini au hospitali ya Magunga pale Korogwe, mkunga husugua kwanza viganja vipate joto. Kisha hupapasa tumbo taratibu: upande gani umenyooka na kukaza, maana ndiko uliko mgongo wa mtoto, upande gani una vifundo vya mikono na miguu, na kwenye nyonga kimetangulia kichwa au makalio. Akishajua, ndipo anapopaka jeli. Hewa ikibaki kati ya ngozi na kifaa, mawimbi hurudi kabla ya kuingia mwilini.

Mawimbi hayo ni ya mitetemo milioni 2 au 3 kwa sekunde, sikio haliyapati. Yakigonga kitu kilichotulia, hurudi yalivyokwenda. Yakigonga kuta na valvu za moyo wa mtoto, ambazo husogea sentimita chache kwa sekunde, hurudi na tofauti ndogo. Kanuni hiyo aliieleza Christian Doppler huko Prague mwaka 1842, akizungumzia mwanga wa nyota. Kinachonistaajabisha ni hesabu yake. Ukuta wa moyo ukienda sentimita 5 kwa sekunde, kwa kifaa cha milioni 2, tofauti ni kama mitetemo 130: sauti nzito ambayo sikio la mtu linaipokea bila taabu. Mashine hutoa tu mitetemo iliyokwenda kwenye iliyorudi, na baki ndilo tunalolisikia spikani.

Ila inasikia kile tu kinachoikaribia au kuiacha. Moyo ukisogea kwa kukatiza mbele yake, kwa digrii 90, haipati kitu, hata kama unadunda kwa nguvu. Kwa digrii 60 inapata nusu. Ndiyo maana mgeni wa kazi hukimbiza kifaa tumbo zima. Mzoefu hukituliza usawa wa bega la mtoto, akakiinamisha kidogo sana, akangoja, akakiinamisha tena.

Sauti ikija, bado haiamini. Vidole vya mkono wake wa pili viko kwenye kifundo cha mkono wa mama. Moyo wa mtoto hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika, na wa mama huwa chini ya 100. Lakini mama mwenye homa, na huku malaria si ngeni, anaweza kufika 120, na kifaa kikahesabu mshipa wake. Mvumo wa upepo unaofuatana na mapigo ya mama ni damu inayokwenda kwenye kondo. Moyo wa mtoto una midundo mikavu, ya karibukaribu, yenye mwendo wake wenyewe. Kuitilia shaka sauti nzuri, kwangu mimi, ndiyo daraja la juu la ufundi huu.

Kipo kifaa kiitwacho Moyo, kilichojaribiwa kwenye hospitali za Muhimbili na Haydom, ambacho hufungwa tumboni kwa mkanda na kupima pia mapigo ya mama. Kinampunguzia mkunga kazi ya kushikilia. Kuupapasa mgongo kunabaki kwake, na kusikiliza pia: wakati wa uchungu, kila baada ya dakika 15 hadi 30, kwa dakika nzima, tumbo likikaza na baada ya kulegea, kwa sababu moyo unaochelewa kurudi kwenye kasi yake hujulikana hapo.